Kadi ya Giga Nane

Jumatatu, 10 Machi

Kompyuta ya ofisi imekufa leo saa nne asubuhi. Mvua ya kwanza ya masika ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kupiga bati, nami nilikuwa napika picha ya sebule ya mteja. Kupika ni neno letu tangu enzi za kaka: unaipa mashine mchoro wa nyumba ambayo haijajengwa, nayo inakutolea picha kana kwamba nyumba ipo na mtu amefungua mapazia. Kioo kikawa cheusi, pakatoka harufu ya plastiki inayoungua. Wifi alikuwa ameketi kwenye kiti cha kaka, juu ya mto wa bluu alioubeba kutoka kwake, akasema kwa ile sauti yake ya upole inayonichefua, "Pole, wifi. Chomoa kwanza."

Nilikuwa najua kuchomoa.

Naandika haya kwa sababu nisipoyaandika nitayasema. Kaka alifariki mwaka jana mwezi wa nane. Ofisi hii, chumba kimoja juu ya duka la dobi, tuliifungua mimi na yeye nusu kwa nusu, na nusu yake sasa ni ya mjane wake. Wifi alikuwa karani wa masjala hospitalini miaka kumi na moja, akitunza mafaili ya wagonjwa. Baada ya msiba akaacha kazi, akaja kukaa hapa, naye hajui kuchora hata mlango. Miaka sita nilimsikiliza kaka akinieleza jinsi mke wake anavyomharibia. Kazi ikichelewa, wifi ndiye aliyempotezea fleshi. Mteja akifoka, wifi ndiye aliyesahau kumpa ujumbe. Kwa hiyo sikuhitaji muda wa kumzoea, nilikuwa nimeshamchukia kabla hajaleta mto.

Sasa kuna mkandarasi, tunamwita Bwana Zege, anayetaka filamu ya mtaa mzima anaotarajia kuujenga: nyumba arobaini na miti yake, kamera ipite kuanzia getini hadi mwisho wa barabara. Mwisho ni tarehe 15 Mei. Akiipenda atatupa na awamu ya pili, kazi ya miaka miwili. Tukishindwa anaipeleka kwa washindani wetu wa jengo la benki, na sisi tunarudisha funguo za chumba.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Fundi amesema mashine haifufuki.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi wa kompyuta ana kibanda nyuma ya jengo letu, na kila mwanamke kwake ni mama. Ametueleza kwamba itabidi tujenge mashine upya, kuanzia kasha mpaka feni. "Hayo mengine nitajaza mimi," akasema. "Kadi ya picha ndiyo mtachagua wenyewe, maana ndiyo inayopika." Pesa yetu inatosha kadi moja, na anazo mbili. Moja ni mpya, imetoka juzi, ina kasi ya ajabu, memori yake giga nane. Nyingine ni ya miaka miwili nyuma, imeshafunguliwa boksi, ni nzito kidogo na bei yake imezidi kidogo, lakini ina giga kumi na sita.

Nikasema mpya. Sikuona cha kujadili.

Wifi akauliza, "Hiyo memori ya kadi inafanya nini hasa?"

"Kasi ni mikono, mama. Memori ni meza. Ukiwa na mikono myepesi na meza ndogo, vitu vikizidi vinaanguka chini, kazi inasimama."

Wifi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama vile daktari amemsomea majibu. Nikamwambia fundi kwamba kazi hii naifanya mwaka wa tisa na vitu vyangu haviangukianguki. Wifi akasema tufikirie kwanza. Sijui anafikiria kwa kutumia nini.

Jumatatu, 17 Machi

Leo amenifungulia daftari. Tangu mwezi wa kumi mwaka jana, kumbe, kila mara ile mashine ya zamani ilipozima ghafla alikuwa anaandika: tarehe, saa, nilikuwa nafungua nini, nilikuwa nimeongeza nini. Mwandiko wa masjala, umenyooka, kuzima kumeandikwa kwa wino mwekundu. Imezima mara ishirini na tatu.

"Mara kumi na tisa ni miti," akasema. "Ukiweka miti mingi inazima. Sebule haijawahi kuzima hata siku moja, ukiacha siku ilipoungua."

"Kumbe ulikuwa unanipeleleza."

"Nilikuwa naandika."

"Kuandika kila ninapokosea ni kupeleleza, wifi."

"Sikuandika umekosea. Niliandika imezima."

Nikamwambia kadi ya picha haichaguliwi kama faili la mgonjwa, na kwamba kaka angekuwepo angechagua ile mpya bila kuuliza. Hilo ni kweli kabisa. Akafunika kalamu, akaliweka daftari kwenye droo, akaenda kusimama dirishani. Chai yangu niliimwaga bila kuinywa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeingia dirishani, mto wake umelowa. Nilikuwa karibu nao. Sikuuhamisha.

Ijumaa, 21 Machi

Wifi amesema, bila kunitazama, kwamba atakwenda kuzungumza na fundi aone ni vitu gani vinaweza kupunguzwa. Nikamwambia aende tu.

Jumatatu, 24 Machi

Saa sita nilishuka kwa fundi kuulizia feni. Alikuwa amejilaza chini ya meza na tochi mdomoni, simu yake iko juu ya kaunta. Simu ikalia. Kioo kikawaka, likatokea jina la wifi na maneno ya mwanzo ya ujumbe, yale yanayoonekana kabla hujaufungua. Yalisema hivi, nimeyaandika herufi kwa herufi:

Fundi fanya kama tulivyokubaliana juzi. Bila wifi tutaenda vizuri tu. Wifi kila siku ni kero

Hapo ukakatika, kioo kikazima. Fundi akatoka chini ya meza akiwa na vumbi kichwani, akaniuliza nataka nini. Nikasema sitaki kitu.

Kero, tena kila siku. Mimi niliyemfundisha kuwasha mashine, niliyemwachia kiti cha kaka wakati kiti hicho kilinifaa mimi. Nikakumbuka fundi aliwahi kututajia mpwa wake anayejua kuchora majengo, anayetafuta kazi, na hapo nikaelewa wamekubaliana nini. Wananisubiri nimalize kujenga mashine, kisha ofisi itaenda vizuri tu.

Nilipopanda juu nilimkuta anamenya chungwa. Akaligawa, akaninyooshea nusu. Nikalipokea, sijui kwa nini nililipokea, nikalila lote huku namtazama. Ana alama ndogo kwenye kidevu ambayo sikuwahi kuiona. Nilikaa nikiichukia ile alama mpaka saa kumi na moja.

Jumanne, 25 Machi

Nimeagiza ya giga nane.

"Yule mama alisema nyingine," fundi akasema.

"Futa yote aliyosema. Weka kila kitu kama kilivyokuwa kwenye orodha yako ya kwanza."

"Mmekubaliana lakini?"

"Tumekubaliana."

Nilidanganya, na nilijisikia vizuri sana. Hata mvua niliiona nzuri.

Jumatatu, 31 Machi

Mashine imefika. Kasha jeusi, feni hazisikiki kabisa. Wifi alilichukua boksi la kadi, akalizungusha, akasoma maandishi ya ubavuni kama kawaida yake, kuanzia juu hadi chini.

"Hii ni nane," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi na fundi tulisema..."

"Najua mlichosema."

Nilitaka aulize, nilikuwa nimejiandaa, majibu yote nilikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi. Hakuuliza. Nikaipika ile sebule iliyoiua mashine ya zamani. Zamani ilikuwa inachukua dakika arobaini, leo imechukua nne. Nikamgeuzia kioo aone, makusudi.

"Inapendeza," akasema. Nadhani alimaanisha, jambo lililoniharibia siku.

Ijumaa, 4 Aprili

Hatusemeshani. Mambo ya kazi tunaandikiana kwenye vikaratasi. Chake cha leo: "Mteja wa jiko amepiga, anataka sinki upande wa kushoto." Changu: "Sawa." Nilifikiria kuongeza neno, nikaona linamzidi thamani.

Alhamisi, 10 Aprili

Bwana Zege amepiga simu. Nimemwambia kila kitu kiko sawa.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Dobi wa chini anakausha nguo kwa pasi, chumba chetu kimejaa mvuke. Wifi anakohoa. Nimefungua dirisha, nikasema ni kwa ajili yangu.

Jumanne, 22 Aprili

Nyumba zote arobaini ziko tayari, nimezipika mojamoja na kila moja imetoka safi. Imebaki miti na kuziunganisha. Asubuhi nimekuta karatasi mezani kwangu. Wifi ameichukua ramani ya Bwana Zege, akaipanga miti yote mia tatu na kumi na miwili, kila mmoja na namba yake, aina yake, urefu wake na hatua ngapi kutoka ukutani. Kazi ambayo ingenila wiki nzima. Ameiacha bila neno, nami nimeitumia bila neno.

Nimejiuliza kwa nini mtu anayetaka kukufukuza anakupangia miti. Jibu nililolipata ni kwamba anataka filamu ikamilike kwanza. Ni jibu zuri, lakini nimelirudia mara nyingi kuliko jibu zuri linavyohitaji.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeunganisha mtaa mzima, nyumba na miti. Nikabonyeza. Imezima.

Jumanne, 6 Mei

Imezima.

Jumatano, 7 Mei

Nimepunguza majani. Imezima. Nimepunguza vivuli. Imezima. Nimetoa nusu ya miti, ikapika, lakini mtaa umebaki mkavu kama uwanja wa magari, na Bwana Zege hauzi nyumba, anauza kivuli, ameniambia hivyo kwa mdomo wake. Nimeirudisha miti. Imezima. Kila mara kioo kinapokuwa cheusi nasikia kalamu ya wifi upande wa pili wa chumba. Hakusema "nilikwambia". Angesema ningepata pa kumshika.

Zimebaki siku nane, na mimi ninayo mikono myepesi na meza ndogo. Nimelia chooni kwa dobi, mashine zake za kufulia zina kelele.

Alhamisi, 8 Mei

Leo naandika kirefu.

Nilishuka kwa fundi kumwuliza kama kuna namna ya kuiongezea kadi memori. Akasema hakuna, memori ya kadi huzaliwa nayo. Alikuwa ameinama anachomelea waya. Akaniuliza, kwa kunipa pole tu, "Na wifi vipi?"

"Hatusemeshani," nikajibu.

Akainua kichwa. "Nauliza wifi ya mashine, mama."

"Wifi gani ya mashine?"

"Intaneti. Si mliniambia nirudi kwenye orodha ya kwanza? Nikawawekea mazabodi yenye wifi ndani, ingawa yule mama alikuwa ameikataa. Nauliza kama inashika."

Nikamwambia arudie. Akarudia polepole, kama unavyomrudia mtu mzee. Siku ile wifi alikwenda kuuliza nini kipunguzwe. Fundi akamweleza kwamba mazabodi, ule ubao mkuu ambamo kila kitu huchomekwa, upo wenye wifi na upo usio nayo, na usio nayo ni rahisi zaidi. Tofauti yake ingefanya ile kadi kubwa iwezekane bila kupunguza kingine. Wakakubaliana hivyo, wifi akasema atathibitisha, kisha akatuma ujumbe. Fundi akaifungua simu yake, akautafuta, akanipa niusome wote.

Fundi fanya kama tulivyokubaliana juzi. Bila wifi tutaenda vizuri tu. Wifi kila siku ni kero inakatika mvua ikinyesha, tutavuta waya. Kinachobaki kiongeze kwenye kadi ya giga 16 ndipo wifi yangu ataweza kupika miti.

Nimeusoma mara tatu. Inakatika. Herufi moja tu, ya baada ya pale kioo kilipokata. Ingekuwa anakatika, basi ni mimi. Ilikuwa i. Mimi nauita "mtandao" tangu zamani, lakini kila mtu duniani anauita "wifi", wateja, fundi, dobi, na mimi nasikia kutwa. Na chini kabisa nipo mimi, wifi yangu, natafutiwa meza kubwa.

Mtoto wa darasa la pili anajua tofauti ya mtu na kitu. Mimi niliona lile neno nikaona niliyemtaka.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemwambia. Nilisimama mbele ya meza yake, nikaeleza yote, ujumbe uliokatika, uongo kwa fundi, kadi. Sikuweka samahani katikati, niliogopa ningeishia hapo. Aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo wiki sita," akasema, "ulikuwa umeinunia intaneti."

"Ndiyo."

Hakucheka, na mimi sikucheka, ingawa mtu wa tatu angecheka mpaka akae chini.

"Wifi," akasema, "ule ulikuwa wa intaneti. Wako niliuandika siku mto wangu ulipolowa. Sikuutuma tu."

Akaifungua simu yake, akanipa. Ulikuwepo, haujatumwa, una tarehe yake, 19 Machi. Wifi, mimi na wewe hatuwezani. Naomba unipe kilicho cha mume wangu niondoke kwa amani. Sitaki ugomvi na wewe wala na ukoo. Nimechoka kuamka naogopa kuja kazini.

Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuniogopa. Nilidhani nachukia kimyakimya, kwa adabu. Nikamrudishia simu.

"Sijaufuta," akasema.

"Usiufute." Sikujua nimwambie nini kingine kilicho cha kweli. "Nakwenda kwa fundi kuona kama ile kubwa bado ipo."

"Twende wote. Ukiwa peke yako humwambii mtu ukweli."

Jumamosi, 10 Mei

Ipo. Fundi hakuwa ameiuza. "Yule mama alikuja mwezi wa nne," akaniambia wifi akiwa palepale, "akaniomba niiweke mpaka mvua ziishe." Ile ya nane ameipokea bila shida, wacheza gemu wanaililia, hata tofauti ya bei hakuidai. Kubadilishana kumechukua robo saa. Nilisimama kando nimeshika bisibisi ya fundi kama mtu aliyekuja msibani asiyejua akae wapi.

Jumatano, 14 Mei

Inapika polepole kuliko ile, na haizimi. Kwa hesabu yangu tutachelewa siku nne. Nilimwambia wifi nitampigia Bwana Zege. Akasema ameshampigia.

Jumatatu, 19 Mei

Imeisha. Miti yote mia tatu na kumi na miwili.

Jumanne, 20 Mei

Bwana Zege amepanda ngazi zetu leo saa tatu na viatu vyake vya matope. Hakutaka kukaa. Ameitazama filamu mara mbili akiwa amesimama, akaomba tumrudishie pale kamera inapopita chini ya miti karibu na shule. Nilimwona akikunjua uso.

"Awamu ya pili ni yenu," akasema. "Lakini kuna hizi siku nne. Wanunuzi wangu walikuja tarehe kumi na sita, nikawaonyesha karatasi. Nataka kujua nini kilitokea, na nani, kabla sijasaini."

Kisha akamtazama wifi, daftari lake, kalamu zake mbili, nyeusi na nyekundu. Akashusha sauti, ya kuniambia mimi tu, ingawa chumba ni kimoja.

"Ni huyu mama wa mafaili, siyo? Marehemu aliwahi kuniambia."

Nikanyamaza.

Nataka kuandika nilichokiona pale, bila kujipaka rangi. Niliona jibu limeshatengenezwa, limelainishwa, limekaa mdomoni mwa Bwana Zege likinisubiri niitike kwa kichwa. Kaka alikuwa ameniandalia. Ningeitika, wifi angeutuma ujumbe wake siku hiyohiyo, kiti na chumba na kazi ya miaka miwili vingekuwa vyangu, na hakuna ambaye angeniuliza. Nilikuwa bado simpendi. Nilimwona hanitazami, anafunika kalamu nyekundu, kifuniko kinamkataa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilichagua kadi ya picha isiyofaa. Yeye alinionya mapema, kwa maandishi, na mimi nilimdanganya fundi ili nisimsikilize."

Bwana Zege akaguna. "Basi kwenye mkataba msimamizi wa kazi nitamwandika yeye," akasema, akasaini, akashuka. Alama za viatu vyake zimebaki kutoka mlangoni hadi mezani.

Nikakaa. Nilikuwa na hasira na kila mtu, mpaka na marehemu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Nilisema," nikamwambia wifi.

"Ulisema. Lakini ulisita kwanza."

"Kidogo tu."

"Nilihesabu mpaka saba."

Alinyanyuka, akachukua kitambaa, akafuta yale matope kuanzia mlangoni, akinipa mgongo.

"Mume wangu asingefika hata mbili," akasema. "Angesema ni mimi."

Akamaliza kufuta, akarudi kwenye kiti, akafungua ukurasa mpya, akaniuliza awamu ya pili ina miti mingapi.